Runinga ikikwama, tupime kabla ya kulaumu

Alasiri ya Jumapili, Agosti 10, 2025, macho ya taifa zima yalikuwa yameelekezwa Kasarani, ambako Harambee Stars ilikuwa ikimenyana na Morocco katika kipute cha CHAN. Sebuleni mwangu mjini Nakuru tulikuwa tumeketi watu saba, watatu kati yao wakiwa walimu wenzangu, tukiitazama mechi hiyo kwa njia ya intaneti. Kipindi cha kwanza kilipokaribia kwisha, tulisikia nyumba ya jirani ikilipuka kwa vifijo na vigelegele. Kwenye runinga yetu mpira ulikuwa ungali katikati ya uwanja. Kisha picha ikaganda, na kile kiduara tunachokichukia sote kikaanza kuzunguka. Picha iliporejea, Ryan Ogam alikuwa amekwisha kufunga bao, wenzake wamekwisha kumkumbatia, nasi tukabaki kama wageni waliofika arusini wakati wa kuosha sufuria.

Nilimgeukia mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne na alikuwa nyumbani kwa likizo ya Agosti. Alikuwa ameketi pembeni, simu mkononi.

"Unapakua nini tena?" nikamkaripia mbele ya watu.

"Sipakui chochote, Baba."

"Mwalimu, huenda ni mtandao tu," mgeni mmoja akajaribu kunituliza. Sikutulia. Niliichukua simu ile, nikaenda nayo chumbani, nikaifungia kwenye droo.

Hasira yangu haikuzaliwa siku hiyo. Kwa wiki kadhaa runinga yetu ilikuwa imekwama karibu kila usiku, na aliyeumia zaidi ni kijana huyo huyo niliyemkaripia. Alikuwa akiitumia kutazama masomo ya marudio ya Kemia, hasa majaribio ya maabara, akijiandaa kwa mtihani wa KCSE. Mwalimu wa kwenye video angeanza kumimina asidi, kisha mkono ungeganda hewani. Mimi, kama baba anayejali, nilikuwa nimekwisha kuongeza kifurushi cha intaneti mara mbili: kutoka megabiti 5 kwa sekunde hadi 10, na kutoka 10 hadi 20. Nilitoa pesa zaidi, runinga ikaendelea kukwama. Basi nikakata shauri kwamba kuna mwizi ndani ya nyumba, na mwizi ni mtoto na simu yake.

Siku mbili baadaye, kijana alinijia nikinywa chai. "Baba, naomba kuuliza. Simu yangu imo kwenye droo tangu Jumapili. Jana usiku runinga ilikwama mara ngapi?"

Nilinyamaza. Ilikuwa imekwama mara nne, nami nilizihesabu.

Msomaji mpendwa, mimi ni mwalimu wa Fizikia. Kwa zaidi ya miaka 20 nimesimama mbele ya ubao nikiwahimiza wanafunzi wabadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, mengine yabaki yalivyo, kisha wapime na kuandika. Nyumbani kwangu nilikuwa nimebadilisha pesa pekee, na sikuwa nimepima chochote. Mwanafunzi ndiye aliyefanya jaribio. Aliondolewa mshukiwa, kosa likabaki pale pale. Ninaandika makala haya kwa sababu nina yakini kwamba siko peke yangu. Katika nyumba nyingi na shule nyingi runinga hukwama, na hasira zetu hukimbilia mfuko au mtoto, ilhali kinachohitajika ni daftari na kalamu.

Kabla ya kupima, yafaa tufahamu ni kitu gani kinachokwama. Sisi tunaoishi mijini, ambako maji huja kwa mgao, tunalijua vyema tangi lililo juu ya paa. Maji ya mfereji hujaza tangi, na tangi ndilo hulisha bomba la jikoni. Mfereji ukikatika kwa saa moja, mama haoni tofauti, kwani tangi lina akiba. Lakini maji yanayotoka yakizidi yanayoingia, siku moja bomba litakohoa, lidondoshe matone mawili matatu, kisha linyamaze.

Runinga ya intaneti hufanya kazi vivyo hivyo. Video haiji kama mto mmoja usiokatika, bali hukatwakatwa vipande vidogo vya sekunde chache chache. Kila kipande huhifadhiwa katika viwango kadhaa vya ubora wa picha. Runinga huagiza vipande hivyo, huviweka akiba katika tangi lake, kisha huvionyesha kwa zamu. Inapoona vipande vinachelewa, huagiza vya ubora wa chini, na ndiyo maana picha huingia ukungu kabla ya kukwama. Ukungu huo si hitilafu. Ni runinga inayopunguza matumizi ili tangi lisikauke. Likikauka kabisa, kiduara huanza kuzunguka.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba siku ya mechi nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Jirani yetu alikuwa akitumia antena na king'amuzi, naye hupokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye mnara. Sisi wa intaneti tulikuwa tukingoja vipande vikatwe, visafirishwe na kuwekwa akiba kabla ya kuonyeshwa. Si ajabu kwa matangazo ya moja kwa moja kufika nusu dakika baadaye kwa njia hiyo. Huko ni kuchelewa, na hata intaneti ya kifalme itachelewa. Kukwama ni jambo jingine. Aidha, mechi inayoendelea hukwama upesi kuliko filamu iliyorekodiwa. Filamu yote imekwisha kuwa ghalani, na runinga yaweza kujiwekea akiba kubwa. Lakini nani awezaye kuweka akiba ya mpira ambao haujapigwa?

Baada ya chai tulichukua daftari la mazoezi, kijana akapiga mistari ya jedwali: tarehe, saa, mahali, kifaa, kasi. Tukaanza na hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kuongeza hata shilingi moja.

Video ya kiwango cha 480 huhitaji takriban megabiti 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Ya 720 huhitaji kama 3, na ya 1080, ambayo ndiyo picha ang'avu ya runinga nyingi, huhitaji kama 5. Ile ya 4K ndiyo mlafi, kwani hutaka 15 na zaidi. Hapa wanafunzi wawe macho: megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hupakua megabaiti 2.5 tu kwa sekunde. Wengi hulalamika kwamba wameibiwa, kumbe wamesoma kipimo kimoja kwa jina la kingine.

Sasa gawanya 20 kwa 5. Kifurushi changu kilitosha runinga nne za picha ang'avu kwa wakati mmoja, nami nina runinga moja. Hata kile cha megabiti 10 kingetosha. Hesabu ya darasa la nne ilitosha kunionyesha kwamba tatizo halikuwa ukubwa wa kifurushi. Ama maji hayakuwa yakifika langoni, ama yalikuwa yakimwagika uani.

Swali la kwanza katika uchunguzi wa aina hii ni hili: je, kinachokwama ni kila kitu au ni kitu kimoja? Tulifungua programu tatu tofauti za video katika runinga. Zote zilikwama. Kama ingalikuwa moja tu, kosa lingekuwa la wenye programu hiyo au la njia ya kuwafikia, na tungepoteza muda kuchokora nyaya zetu.

Swali la pili: je, ni kila kifaa au ni kimoja? Nilisimama na simu yangu kando ya runinga, nikafungua video ile ile. Ikakwama nayo. Hivyo runinga ikaondolewa lawama, ijapokuwa si kila runinga huwa safi. Nyingine ni kongwe, hifadhi yake imejaa programu zisizotumika, na zimekaa miezi bila kuzimwa. Kubofya kitufe cha rimoti huilaza tu runinga nyingi, haizimiki. Chomoa waya ukutani, ngoja dakika moja, uichomeke tena. Futa programu usizozihitaji na usasishe zile unazozihitaji. Kama baada ya hapo simu inaonyesha vizuri mahali pale pale ambapo runinga inakwama, basi mgonjwa ni runinga.

Swali la tatu ndilo lililotufumbua macho: je, ni kila mahali ndani ya nyumba? Tuliunganisha tarakilishi na ruta kwa waya, tukaendesha programu ya kupima kasi mara tatu na kutafuta wastani. Ilikuwa asubuhi. Tukapata megabiti 19. Tukauondoa waya, tukapima kwa waifai umbali wa hatua moja kutoka kwenye ruta: 17. Tukaenda sebuleni kando ya runinga: 3. Tukarudia, maana mwanasayansi haamini kipimo kimoja. Tatu tena.

Maji yalikuwa yakifika langoni tele. Yalimwagika kati ya ruta na runinga, hatua zisizozidi kumi na tano.

Na je, ruta ilikuwa wapi? Fundi aliyeileta alikuwa ameiweka sebuleni juu ya meza, mahali pa wazi. Mimi sikupendezwa na nyaya zake na taa zake za kumetameta. Nikaihamishia chumba changu cha kazi, nikaisukuma nyuma ya kabati la chuma ninamofungia karatasi za mitihani. Kati yake na runinga palikuwa na kabati hilo na kuta mbili za mawe. Chuma huakisi mawimbi ya redio, nao ukuta wa mawe huyafyonza. Mada ya mawimbi ya sumakuumeme nimeifundisha kidato cha nne mwaka nenda mwaka rudi, na bado nililificha chemchemi la mawimbi nyuma ya bamba la chuma, kisha nikamfokea mtoto kwa kiu.

Tulibadilisha jambo moja moja. Kwanza tuliirudisha ruta sebuleni, juu ya rafu, mbali na sakafu na mbali na chuma. Kasi kando ya runinga ikapanda kutoka 3 hadi 11. Nilitaka kusherehekea, lakini kijana alikuwa akitazama kasi ya langoni: bado palikuwa na upungufu wa megabiti nane.

Hatua ya pili ilihusu masafa. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 husafiri mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini barabara yake ni nyembamba na ina msongamano. Tanuri za maikrowevu hufanya kazi karibu na masafa hayo hayo, na vifaa vya Bluetooth vimo humo humo. Chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Katika jengo letu la ghorofa nne simu yangu ilihesabu majina 17 ya waifai za majirani. Fikiria watu 17 wakizungumza kwa sauti katika chumba chenye pembe tatu. Mawimbi ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi na hubeba data nyingi zaidi, ila hayapendi kuta. Kwa kuwa ruta na runinga sasa zilikuwa chumba kimoja, tuliihamisha runinga kwenye 5. Kasi ikafika 18.

Runinga ambayo haina uwezo wa kupokea gigahezi 5, au ambayo haiwezi kukaribiana na ruta, yapaswa kuunganishwa kwa waya. Mita kumi za waya wa mtandao hununuliwa mara moja, ilhali kifurushi kikubwa hulipiwa kila mwezi. Waya hauna habari na majirani, hauogopi maikrowevu, na hauna kuta.

Sitaki msomaji adhani hadithi iliishia hapo. Usiku wa siku ile ile, baada ya saa mbili, picha iliingia ukungu tena. Tulipopima kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, tukapata 6. Asubuhi yake, 19. Usiku uliofuata, 7. Sasa maji yenyewe yalikuwa hayafiki langoni, na kosa lilikuwa nje ya uwezo wetu.

Sababu yake haikuwa ngeni kwa wataalamu. Mnamo 1909, mtaalamu wa hisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha uchunguzi wake kuhusu jinsi simu zinavyomiminika kwenye laini chache. Aliona kwamba kampuni haiwezi kumjengea kila mteja laini yake mwenyewe hadi mwisho, na wala haina haja, kwa sababu wateja hawapigi simu wote kwa dakika moja. Hesabu hubainisha laini ngapi zatosha ili foleni isiwe ndefu. Intaneti ya majumbani ingali inategemea mantiki hiyo. Nyumba nyingi hugawana bomba moja kubwa. Mchana, watu wakiwa kazini na shuleni, kila mmoja hupata haki yake. Saa mbili usiku, mtaa mzima unapowasha runinga, bomba hugawanywa, na kama kampuni imeuza kupita kiasi, kila nyumba hupata kikombe badala ya ndoo.

Hapa ndipo daftari lilipotufaa zaidi. Zamani nikipiga simu kwa kampuni inayotuhudumia, nilisema tu kwamba mtandao ni mbovu, nao wakanijibu nizime ruta na kuiwasha. Safari hii niliwatumia jedwali la siku kumi: saa, kasi, na maelezo kwamba vipimo vyote vilichukuliwa kwa waya bila kifaa kingine kuunganishwa. Wa kwanza aliyepokea simu aliniambia nizime na kuwasha. Nikamsomea jedwali. Akanielekeza kwa mafundi. Hawakunieleza walifanya nini, lakini wiki moja baadaye vipimo vya usiku vilikuwa vimepanda hadi 15. Malalamiko yenye tarakimu hayapuuzwi kirahisi kama malalamiko yenye hasira.

Kuna pia matatizo yaliyo mbali zaidi ya mtaa na mji. Hadi 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu wa nje kwa intaneti. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilianza kutuhudumia kupitia Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Nyaya hizo hukatika. Mnamo Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM ziliharibika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Hata hivyo, si kila video huvuka bahari kila unapoitazama. Kampuni kubwa za video huweka nakala za video zinazopendwa katika seva zilizo karibu na watazamaji, nazo kampuni za humu nchini hubadilishana data Nairobi, katika kituo kiitwacho KIXP. Kwa hiyo wakati mwingine utaona video maarufu ikicheza bila wasiwasi huku tovuti ya chuo cha ng'ambo ikikataa kufunguka. Siku kama hiyo usiguse ruta yako. Soma habari, uwe na subira.

Sasa nina maneno matatu, moja kwa kampuni, moja kwa shule, na moja kwa walimu wenzangu.

Kampuni za intaneti hutuuzia kasi ya "hadi" megabiti kadhaa. Neno hilo "hadi" ni dogo mno kwa mzigo linaoubeba. Muuza maziwa hawezi kukuuzia "hadi lita moja" kisha akupe robo kila jioni. Ni haki ya mteja kuelezwa kasi atakayoipata saa mbili usiku, wakati mtoto anaposoma, wala si kasi ya saa tisa alfajiri wakati kila mtu amelala.

Shule nazo zifanye hesabu kabla ya kuagiza vifaa. Darasa lenye vishikwambi 40, kila kimoja kikionyesha video ya 480 kwa wakati wake, lahitaji megabiti 60 kwa sekunde, na waifai inayoweza kuwahudumia watu 40 chumbani. Video hiyo hiyo ikipakuliwa mara moja usiku na kuonyeshwa kwa projekta asubuhi haihitaji intaneti hata kidogo wakati wa somo. Pia tusiabudu ung'avu. Ubao wenye maandishi makubwa husomeka vizuri katika 480. Saa moja ya kiwango hicho hutumia kiasi cha robo tatu ya gigabaiti au pungufu, ilhali picha ang'avu yaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Kwa mzazi anayenunua data ya simu kwa shilingi ishirini ishirini, tofauti hiyo ndiyo huamua iwapo mtoto atamaliza somo au la.

Kwa walimu wenzangu, nawakumbusha mwaka wa 2020. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Wanafunzi wangapi walituambia kwamba somo lilikwama, nasi tukaandika katika nyoyo zetu kwamba ni wavivu? Sisemi kwamba wote walisema kweli, kwani mimi pia nimewahi kuwa mwanafunzi. Nasema tu kwamba hatukuwa na njia ya kuwatofautisha, na tulichagua kushuku. Sasa njia ipo, na yaweza kuwa somo lenyewe. Mtaala wa umilisi unatutaka tuwape wanafunzi kazi za mradi zenye manufaa nyumbani. Mpe mwanafunzi jedwali la safu tano, apime intaneti ya shule au ya kwao kwa siku kumi, achore grafu ya kasi dhidi ya saa, kisha aeleze kosa liko wapi na amefikaje huko. Atakuwa amefanya Fizikia, Hisabati na uraia kwa wakati mmoja, na mzazi wake huenda akaokoa pesa.

Jioni ya Ijumaa, Agosti 22, Stars iliporudi uwanjani kucheza robo fainali dhidi ya Madagascar, niliwaalika wageni wale wale. Nilikuwa nimemrudishia kijana simu yake siku nyingi, faraghani, lakini nilikuwa nimemkaripia hadharani, na deni la hadharani halilipwi chumbani. Kabla ya mpira kuanza niliwaeleza wenzangu kuhusu kabati la chuma, nikamwomba mwanangu msamaha mbele yao. Alitazama chini, akasema, "Yamekwisha, Baba." Mgeni yule aliyejaribu kunituliza siku ile aliangua kicheko, akauliza kama karatasi za mitihani zingali salama.

Runinga haikukwama hata mara moja. Mechi iliamuliwa kwa mikwaju ya penalti, na tukaiona yote, hata ile ambayo heri tusingaliiona. Nusu dakika kabla ya mwisho tulisikia nyumba ya jirani ikishusha pumzi kwa pamoja, kisha ikanyamaza. Hatukuhitaji kuambiwa, ila tulitazama hadi mwisho.